Kusimamia klasta ya seva kwa kubofya: programu ipi ununue

Wauzaji hupenda kukuonyesha grafu zinazocheza. Kwa klasta, yaani seva kadhaa (kila moja huitwa nodi) zinazoshirikiana ili moja ikifa nyingine ichukue kazi zake, mimi huanza na mambo mawili yasiyo na rangi. Kwanza, je, skrini inaonyesha wazi kama akidi ipo, yaani nodi zilizo hai zina kura za kutosha kuamua? Pili, nodi iliyopotea inazimwaje kwa nguvu kabla kazi zake hazijahamishwa? Hili la pili likikosekana, seva iliyochomoka tu kwenye mtandao itaendelea kuandika kwenye diski ambayo mwenzake ameshaanza kuiandikia, na data itaharibika.

Kwa SACCOS, chuo au hospitali yenye seva chache, nafasi ya kwanza naipa Proxmox VE, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva), bila kusitasita. Inatengenezwa Vienna, Austria, imejengwa juu ya Debian, aina ya Linux, na ni programu huria. Ukifungua kivinjari kwenye poti 8006 ya nodi yoyote, unaziona zote, kwa hiyo hununui seva ya pembeni ya usimamizi. Kuunganisha nodi ni kunakili maelezo ya kujiunga kutoka ya kwanza na kuyabandika kwenye ya pili. Nodi yenye kazi za kulindwa ikipoteza akidi, hujiwasha upya yenyewe baada ya kama sekunde 60, hata kama huna kifaa cha kukata umeme kwa mbali.

Haina bei ya lazima. Usipolipia huduma ya mwaka, inayohesabiwa kwa soketi ya prosesa, utakumbushwa kila unapoingia. Gharama iko kwingine: unahitaji kura tatu, ili moja ikipotea mbili zilizobaki ziwe wengi. Mwenye seva mbili anaweza kuongeza kompyuta ndogo, hata Raspberry Pi, ikawa mpiga kura wa tatu, ila hapo kubofya kunaishia. Hatua hiyo ni ya kuandika amri. Corosync, inayobeba mawasiliano ya nodi, inataka mtandao wenye ucheleweshaji chini ya milisekunde 5, basi usiweke nodi moja Dodoma na nyingine Mwanza. Kama huna hifadhi ya pamoja, yaani diski ambazo nodi zote huzifikia, unaweza kunakili diski kutoka nodi moja hadi nyingine kwa ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili, lakini ratiba ya kawaida ni kila dakika 15. Seva ikifa, hicho ndicho kipande cha kazi unachoweza kupoteza. Kwa mfumo wa malipo, mimi nisingekubali.

Ya pili ni Failover Cluster Manager ya Microsoft, kwa aliyekwisha kulipia Windows Server. Inakuja hata na toleo la Standard na hubeba hadi nodi 64. Ninachokipenda ni ukaguzi wake: hupima mtandao na diski kabla hujaunda klasta, kisha hukupa ripoti. Kuwa macho na nukuu ya bei, maana Storage Spaces Direct, inayounganisha diski za ndani ya seva, ipo kwenye Datacenter tu, na toleo hilo ni ghali zaidi.

Hawk, ukurasa wa kivinjari wa kusimamia klasta wa SUSE Linux Enterprise 15, poti 7630, naiweka ya tatu. Inawafaa wanaoendesha SAP, programu ya shughuli za kampuni, au hifadhidata kubwa. Inakuruhusu kuigiza mabadiliko na kuona matokeo kabla hujayatekeleza, na kurudi nyuma kuchunguza kilichotokea usiku. Bila kuielewa Pacemaker iliyo chini yake, programu inayoamua kazi ipi iendeshwe kwenye nodi ipi, lakini, vitufe hivyo vitakuchanganya.

Red Hat Enterprise Linux ni ya nne, kwa sababu klasta ni nyongeza inayolipiwa juu ya mfumo wenyewe. Ukifuata mwongozo wa zamani utatafuta ukurasa wa usimamizi kwenye poti 2224. Kwenye toleo la 10 usimamizi umehamia ndani ya Cockpit, ukurasa wa kivinjari wa kusimamia seva yenyewe.

VMware vSphere, nayo ya mashine pepe, ni imara, tena sana. Ila tangu kampuni ya Broadcom ilipoinunua VMware Novemba 2023, leseni za kununua mara moja ziliondolewa, na mwenye seva mbili anabebeshwa ada asiyoihitaji.

Kabla ya kusaini, mwombe muuzaji jaribio moja: achomoe nyaya za mtandao za nodi iliyo kazini, asiizime kwa utaratibu. Shika saa. Kwenye Proxmox, mashine pepe huchukua kama dakika mbili kuwaka upande wa pili. Kisha achomeke nyaya, nawe uangalie kama nodi inarudi bila kuigusa.