Makumbusho ya Lamu kwa anayekuja kusoma, si kutazama tu

Jumba la Makumbusho ya Lamu liko mbele ya bahari, hatua chache kutoka gatini. Ni jengo la karne ya 19, maafisa wa Kiingereza walikaa humo kabla ya uhuru, na limekuwa makumbusho tangu 1971. Wageni wengi huzunguka kwa nusu saa, wakapiga picha mlangoni, wakaenda zao Shela, kijiji cha ufukweni. Wanajinyima. Lipe asubuhi nzima, ufike saa mbili na nusu kabla jua halijapanda.

Anza na siwa, yaani baragumu kubwa za sherehe. Ya Pate, kisiwa jirani, ni ya pembe ya ndovu, ndefu kupita mita 2. Ya Lamu ni ya shaba. Usizitazame kwa mbele tu. Sogea ubavuni utafute tundu la kupulizia, kwa maana siwa hupulizwa ubavuni, haipulizwi nchani kama tarumbeta. Ililia kwenye harusi na tohara za waungwana, na si kila mtu aliruhusiwa kuiazima. Kwa chombo hiki peke yake safari imelipa.

Mfano wa mtepe, jahazi la kale la Waswahili, nao usiupite. Mbao zake zimeshonwa kwa kamba ya nazi, hakuna msumari, na tanga ni la mkeka.

Kisha ingia mitaani hadi Nyumba ya Waswahili, ya karne ya 18. Vyumba ni virefu na vyembamba, na sababu iko juu ya kichwa chako: boriti za mikoko hazibebi dari ya mawe na chokaa zikivuka mita 3 hivi, basi upana wa msana, yaani ukumbi mrefu wa nyumba, ukaamuliwa na mti. Uliza habari za birika, yaani tangi la maji la nyumbani. Humo samaki wadogo walifugwa wale viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kaure la Kichina likajengewa chini kabisa ili maji yakipungua samaki wapate pa kubaki. Ufundi wa namna hii hauonekani ukipita mbio.

Mtafiti wa nyaraka ana kazi nyingine. Kibali cha NACOSTI, tume ya serikali ya Kenya inayoruhusu utafiti, kiwe mkononi kabla hujapanda boti ya Mokowe, gati la upande wa bara. Bila hicho utaishia kuwa mtalii. Ngome, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 na baadaye ikawa gereza, ina maktaba, lakini usitarajie karatasi zote za Lamu ziwe Lamu. Za utawala wa Mwingereza zitafute Nyaraka za Taifa Nairobi, za enzi ya Busaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar, ziko Zanzibar, kwenye hifadhi ya nyaraka ya Kilimani, na miswada mingi ya tenzi iko chuo cha SOAS, London. Hati za Msikiti wa Riyadha zimepigwa picha chini ya mradi wa British Library, namba EAP466. Zisome kwenye kompyuta kwanza, usije ukachosha karatasi bure.

Wengi hukwama kwenye hati zenyewe. Kiswahili cha zamani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina p, v wala ch. Mwandishi wa Lamu aliandika p kwa ba, v kwa fa, ch kwa shin, na mara nyingi akaiacha m au n iliyotangulia. Kwenye alama za irabu, kasra hubeba i na e, dhamma hubeba u na o. Kwa hiyo ukiona “bida”, huenda ni penda, huenda ni pinda. Mizani na kina ndivyo vitakavyokuamulia. Soma kwa sauti, tena mbele ya mzee anayezijua tenzi.

Tarehe ni za Hijria. Zidisha mwaka kwa 0.97, ongeza 622: 1275 inakupa 1858, pungufu au zaidi kwa mwaka mmoja.

Beba penseli, si kalamu ya wino, na mikono iwe mikavu. Unyevu wa chumvi hugandisha kurasa na mchwa humaliza pembe zake. Ukurasa ulioganda usiuvute, mwite mhifadhi. Ijumaa panga kumaliza kabla ya adhuhuri. Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, mji hujaa hadi vibarazani: raha tele kwa mgeni, ila kwa msomaji wa hati ni heri aje mwezi mwingine.