Firefox na Thunderbird za sasa: tabu zimehamia pembeni, na mimi nimehamia nazo

Mi ni mtu wa tabu nyingi. Tabu za brauza nazungumzia, za maisha tuziache. Zikifika thelathini pale juu zinabanana mpaka unabaki kuona vialama tu, unataka kufungua hii unaifunga ile, yani ni bahati nasibu.

Sasa Firefox kuanzia toleo la 136, lile la Machi 2025, inakuruhusu kuzipanga wima pembeni. Hazihami zenyewe, lazima uingie setingi ukawashe. Siku mbili za kwanza jicho linapanda juu kutafuta kitu kilichohama, ila ukishazoea hutataka kurudi juu tena, maana skrini za laptopu ni pana kuliko urefu wake na kurasa nyingi zinaacha kando patupu, kwahiyo umechukua sehemu iliyokua imekaa bure na juu umepata mistari zaidi ya kusoma, halafu kila tabu unaona imeandikwa nini. Ukibanwa na nafasi unaikunja hiyo safu ya pembeni, zinabaki ikoni peke yake.

Makundi ya tabu yalianza kuingia toleo la 137, unaburuta tabu moja juu ya mwenzake, unaliwekea kundi jina na rangi, basi. Utamu uko kwenye kulihifadhi na kulifunga. Mi ninalo moja nimeliita "baadae", lina makala kumi na saba, nalifunga linapotea machoni na siku nikilihitaji linafunguka lote kama lilivyokua. (Hiyo siku haijafika.) Ila tusipigiane ngoma sana, brauza zingine zilikua na makundi kitambo.

Kutafsiri kurasa kupo tangu 2023 na bado naona watu wengi hawajui kwamba kazi inafanyika ndani ya mashine yako, maandishi hayatumwi kwenye seva ya mtu. Kwa nyaraka nyeti hilo tu linatosha.

Upande wa barua pepe, Thunderbird 140 ya Julai 2025, wanaiita Eclipse, imeleta kitu ambacho macho yangu yamekishukuru. Zamani ukiweka rangi nyeusi programu nzima inakua giza halafu unafungua barua, paa! ukurasa mweupe usoni kama umemulikwa na tochi. Sasa barua yenyewe nayo inageuka nyeusi. Kuna zile zenye nembo ya herufi nyeusi isiyo na mandharinyuma, hizo nembo zinamezwa na giza, lakini pale juu ya barua kuna kitufe, unagusa inarudi kama alivyoituma mwenyewe. Folda nazo unazipanga kwa mkono utakavyo, jambo dogo ila sijui kwanini lilichukua miaka yote hiyo.

Thunderbird ya simu za Android ilitoka Oktoba 2024, imejengwa juu ya K-9 Mail, programu ya barua pepe iliyokuwepo kabla yake, na akaunti za kwenye kompyuta unazihamisha kwa kuskani msimbo wa QR badala ya kuandika majina ya seva moja moja kwa kidole gumba.

Wale wa Exchange, ule mfumo wa barua pepe wa Microsoft, yenu sasa inafunguka rasmi kwenye Thunderbird toleo la 145, Novemba 2025, bila kuongeza programu ya pembeni. Lilipotoka ilikua barua tu, kalenda na anwani bado. Na kama umekaa kwenye 140 ya muda mrefu (ESR, ile inayopata marekebisho tu bila vitu vipya) usihangaike kuitafuta, kule ilikua ya majaribio, chukua haya matoleo ya kila mwezi.