Simu ilinipa nyota nikikoroma, Garuga nikaambiwa ukweli

Nimestaafu jeshi, naishi Bombo, Uganda, na usingizi wangu niliuacha kambini. Binti yangu akaniwekea kwenye simu programu ya kutafakari, shilingi elfu thelathini kwa mwezi. Nikaiheshimu kama paredi: nakaa mkekani, nafumba macho, mama mmoja mwenye sauti ya asali ananiambia nifuate pumzi. Alfajiri moja mke wangu akanitikisa. "Mzee, unakoroma." Natazama simu, imenipa nyota ya dhahabu kwa kumaliza dakika 20.

Marehemu baba mdogo, mtu wa zikri, alikuwa akisema asiye na sheikh, sheikh wake ni shetani. Sheikh wangu mimi alikuwa anahitaji chaji.

Jumapili nikapanda teksi ya Entebbe, kisha boda, mpaka kituo cha Wabudha kilichoko Garuga. (Mimi Mwislamu, nilienda Mwislamu na nimerudi Mwislamu, kwa hiyo msinitumie ujumbe.) Kituo kilianzishwa 2005 na Bhante Buddharakkhita (bhante ndivyo wanavyomwita mtawa kwa heshima), Mganda aliyekwenda India kusoma mwaka 1990 akaja kuwa mtawa. Aliporudi na nguo zake za kitawa, kuna waliolidhania bakuli lake la kupokelea chakula ni ngoma, na wengine bomu!

Siku hiyo alituongoza bhante kijana, Kiswahili chake cha kubahatisha. Tulikaa watu saba. Akapita nyuma yetu polepole, nyayo tupu, akasimama kwangu.

"Mzee, wewe nalinda nini?"

Sikumwelewa. Akanionyesha mikono yangu. Nilikuwa nimekunja ngumi zote mbili, vidole gumba ndani, kucha zimeacha alama viganjani. Meno nayo yameumana. Mwezi mzima simu haikuliona hilo, na ingelionaje?

Baadaye, tukinywa chai, nikamuuliza kama nikija kwake ndiyo nimekuwa mtu wake. Swali hilo si la adabu, najua, lakini mimi ni wa nchi hii. Machi 17, 2000, kule Kanungu, watu mamia waliteketea ndani ya kanisa, na waliowafikisha pale walikuwa walimu walio hai, wenye pumzi. Kijana hakukasirika. Akanieleza kwamba Budha alipokaribia kufa hakuacha mrithi, aliwaambia wanafunzi mafundisho ndiyo yatakuwa mwalimu wao. Lakini mwanafunzi wake Ananda aliposema rafiki mwema ni nusu ya njia, Budha alimkatalia: ni njia yote. Nikamwambia maneno hayo mawili yanagombana. Akacheka, akaniongezea chai, na mpaka leo sijapata jibu. Mimi naona hivi: rafiki akikuonyesha ngumi zako, kuzifungua ni kazi yako. Akitaka kuzishika yeye, tafuta boda urudi mjini.

Ada hakuna. Mchango unatoa ukitaka, na hakuna aliyenitazama mkono. Ukienda nenda mapema, maana watawa hawali baada ya saa sita mchana, na ukichelewa utakula macho. Mwenye magoti kama yangu aombe kiti tu.

Garuga nawapa nyota tano. Programu ya simu naipa nyota mbili, zote kwa ajili ya kengele yake, ambayo bado naitumia. Juzi nililala masaa manne mfululizo. Mke wangu anasema ngumi bado nazikunja.