Miezi minane na diski moja ya nje kati ya Windows, Mac na Ubuntu, hapa Mwanza

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za sendofu, kicheni pati na harusi. Ofisi iko Kirumba, na kompyuta yangu ya mezani ni ya Windows. Rangi na sauti namalizia kwa kaka mmoja wa Nyegezi ambaye anatumia MacBook. Majina na maandishi ya kwenye skrini ananitengenezea mtoto wa kaka yangu anayesoma Malimbe, kwa laptopu yake ya Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux. Video mbichi za sherehe moja hufika GB 60, na ikiwa kuna kamera tatu hata GB 100. Mzigo huo huwezi kuutuma kwa bando la simu, kwa hiyo kinachosafiri ni diski yenyewe, ndani ya mkoba, nimeiviringisha kwenye kanga ili isigongwe kwenye daladala.

Ni diski ya TB 2, ya sahani inayozunguka, ya USB 3.0, niliyoinunua duka moja katikati ya mji, si mbali na Makoroboi. Kampuni siitaji kwa sababu yaliyonikuta yangeweza kunikuta kwa diski ya kampuni yoyote. Shida haikuwa kwenye chuma. Ilikuwa kwenye namna diski ilivyofomatiwa, na hilo hakuna muuzaji aliyeniambia.

Ilitoka dukani ikiwa na NTFS, mfumo wa faili wa Windows, yaani namna Windows inavyopanga faili ndani ya diski. Kirumba ilifanya kazi bila neno. Nilipoipeleka Nyegezi, Mac iliifungua, ikaonyesha folda zote, hata video zikacheza, lakini haikukubali kuwekewa kitu chochote ndani. Kaka yule akaniuliza kama nimeifunga kwa nywila. Sikuwa nimeifunga. Mac husoma NTFS, ila kuandika haiandiki mpaka uiongezee programu nyingine. Tukahamishia video zote kwenye MacBook yake, akaifomati diski upya kwa mfumo wa Apple, tukaendelea na kazi. Hapo ndipo tulipojitengenezea tatizo kubwa zaidi.

Ijumaa moja jioni nilirudi Kirumba na sendofu ya familia moja ya Nansio ikiwa imekamilika. Wenyewe walikuwa wanakuja na meli kutoka Ukerewe kesho yake kuichukua. Nikachomeka diski. Taa ikawaka, sahani ikazunguka, Windows ikatoa mlio wake wa kutambua kifaa, kisha kimya. Kwenye orodha ya diski haimo. Nikabadilisha waya, nikabadilisha tundu, nikazima na kuwasha kompyuta. Haimo.

Nilikimbia nayo kwa fundi mjini kabla hajafunga. Akaichomeka, akaitazama dakika mbili, akasema, "Dada, hii imekufa. Nikufomatie uanze upya?" Alisema kwa nia njema kabisa. Lakini ndani ya diski ile kulikuwa na bibi mzee wa familia ile, amekaa kwenye mkeka, anamwombea mjukuu wake kwa Kikerewe huku amemshika mikono yote miwili. Hakuna mtu angeweza kumwomba arudie. Nikamwambia fundi asubiri, nikampigia mtoto wa kaka yangu.

"Shikamoo shangazi. Usikubali kufomati," alisema kabla sijamaliza. "Fungua 'Disk Management' uniambie unaona nini." Diski ilikuwepo humo, TB 2 nzima, imeandikwa ni nzima, ila haina herufi kama D au E. "Basi haijafa. Windows haijui kusoma mfumo wa Apple, basi. Irudishe kwenye Mac."

Nikapanda bodaboda hadi Nyegezi usiku ule. MacBook iliifungua papo hapo, kila faili mahali pake. Ukikutwa na hali hii, tafadhali, usiruhusu mtu abofye "Format" au "Initialize" kabla hujaijaribu diski kwenye kompyuta iliyoifomati. APFS ambayo Apple ilianza kuiweka kwenye Mac mwaka 2017, pamoja na HFS+ ya mwaka 1998 iliyoitangulia, zote mbili Windows haizifungui yenyewe. Diski isiyoonekana si lazima iwe mbovu.

Usiku huohuo tukagonga ukuta mwingine. Video ya Nansio ilikuwa GB 11, na flashi niliyoandaa kwa wateja ni ya GB 32, tupu. Kompyuta ikakataa, ikisema faili ni kubwa mno. Flashi za ukubwa huo kwa kawaida huja na FAT32, mfumo wa faili wa zamani ambao haupokei faili moja inayofika GB 4, hata nafasi ikiwa tele. Ndiyo maana kamera nyingi hukatakata video ndefu vipande.

Jibu la yote mawili lilikuwa moja, exFAT, mfumo wa faili ambao kompyuta zote tatu zinaweza kuusoma na kuuandika, na unaopokea faili kubwa. Microsoft waliitoa mwaka 2006, na Mac zinaisoma na kuiandika tangu toleo la 10.6.5 la mwaka 2010. Kwa Linux ilichelewa. Microsoft walichapisha maelezo yake ya kiufundi Agosti 2019, na Novemba mwaka huo ikaingia kwenye kiini cha Linux toleo la 5.4. Laptopu ya Malimbe ilikuwa bado na Ubuntu 18.04, toleo la kabla ya hapo, kwa hiyo kijana alipakua kifurushi cha exfat-fuse mara moja tu, na tangu hapo diski inafunguka kama flashi ya kawaida.

Kuifomati ni rahisi, ila kunafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha mali yako kwanza. Mimi nilifanyia kwenye Windows, ndani ya "Disk Management": bofya kulia juu ya kipande cha Apple, "Delete Volume", kisha juu ya nafasi iliyobaki tupu "New Simple Volume", chagua exFAT, mengine acha yalivyo. Ukifanyia kwenye Mac, ndani ya "Disk Utility" iambie kwanza ionyeshe vifaa vyote, uchague diski yenyewe ya juu kabisa, si kile kipande kilicho chini yake.

Tangu hapo, kwa miezi minane, sijawahi tena kufika Nyegezi nikaambiwa diski haiandikiki. Kasi inaniridhisha: GB 60 huingia kwa kama dakika 10 kwenye tundu la USB 3.0. Kwenye tundu la zamani la USB 2.0 andaa nusu saa. Na usishtuke Windows ikikuambia TB 2 zako ni TB 1.81 wakati Mac inasema 2. Hujaibiwa, zinahesabu tofauti, moja kwa 1,024 na nyingine kwa 1,000.

Sasa ubaya wake, na huu nataka usomwe kwa makini. NTFS huweka daftari la mabadiliko inayoyafanya, ili umeme ukikatika katikati ya kuandika iweze kurudi ilipokuwa. exFAT haina daftari hilo. Mwezi wa nne wa kuitumia, mvua kubwa ilitoka ziwani, umeme ukakatika Kirumba nikiwa katikati ya kunakili, kompyuta ya mezani ikazima na diski pamoja nayo. Umeme uliporudi, folda moja haikufunguka. Niliendesha chkdsk E: /f, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, na folda ikarudi, ila video mbili zilizokuwa zinanakiliwa zilikuwa zimekatika katikati. Nilikuwa bado nazo kwenye kadi za kamera. Kadi ndizo zilizoniokoa, na tangu siku ile sifuti kadi mpaka kazi ikabidhiwe. Nilinunua pia UPS ndogo, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, na hakuna anayechomoa waya kwangu kabla ya kuamuru diski itolewe kwa usalama. Ikiwa diski ilichomolewa vibaya, Mac inaweza kuchukua dakika kadhaa bila kuionyesha kwa sababu inaikagua kwanza. Iache imalize.

Kuna vijikero vidogo. Mac huacha faili zinazoanza na nukta na mstari wa chini, kwa hiyo kwenye televisheni ya mteja kila video ilionekana mara mbili na ya pili haichezi. Amri ya dot_clean -m kwenye Mac inaziondoa kabla ya kukabidhi. Majina ya faili nayo: kijana alikuwa anaandika saa ndani ya jina, kama "Sauti 14:30", na exFAT haikubali nukta mbili wala alama ya kuuliza, kwa hiyo kunakili kulikuwa kunagoma. Na kama una maelfu ya faili ndogo ndogo, zifunge kwanza ndani ya zip moja. Kwenye diski kubwa ya exFAT iliyofomatiwa na Windows, kila faili hushika angalau KB 128, hata ikiwa na mistari miwili tu. Folda ya kijana ya faili 20,000 ilimeza karibu GB 2.5.

Kwa kazi ya kuhama kati ya kompyuta hizi tatu, naipa diski hii alama 4 kati ya 5, na kwa sehemu kubwa alama hizo ni za exFAT. Ile moja naishika kwa sababu ya umeme wetu na kukosekana kwa daftari. Kwa kuhifadhia kazi zilizokamilika siitumii kabisa. Nimenunua nyingine ya TB 2, nimeiacha na NTFS yake, na hiyo haitoki Kirumba.

Mwezi uliopita familia ya Nansio walipiga simu. Bibi amefariki, wakaomba nakala nyingine ya ile dua. Niliitoa kwenye diski ya Kirumba, nikaiweka kwenye flashi ya exFAT, ikapanda meli ya asubuhi.