Vita vya 1914–1918 kwa rangi za viazi: nimezijaribu picha za Autochrome

Wadau, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu mpya. Kuna bidhaa iliyoingia sokoni mwaka 1907, na siri yake ni viazi. Ndiyo, hivi hivi vya chipsi.

Inaitwa Autochrome, kioo cha kupigia picha za rangi, na ndicho kilichotuachia rangi za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waliiunda ndugu wawili wa Lyon, Ufaransa, Auguste na Louis Lumière. Walichukua wanga wa viazi wakautia rangi kwa mafungu matatu: la kwanza jekundu la kuelekea chungwa, la pili kijani, la tatu buluu ya zambarau. Wakachanganya, wakaunyunyiza juu ya kioo chenye gundi, mapengo wakayaziba kwa unga wa mkaa, kisha wakapaka juu yake dawa ya kawaida ya picha nyeusi na nyeupe. Mwanga unapita kwanza kwenye punje ndipo uifikie dawa. Kamera ya simu yako nayo hufanya karibu vivyo hivyo, ina vichujio vidogo vya rangi juu ya kihisi chake. Ila havikutoka shambani.

Hiki nilichoshika si kioo cha asili, msinirushie maneno. Nimepakua picha nikazipeleka stesheneri mara mbili. Mara ya kwanza zilichapwa kwenye karatasi, zikatoka nzito na zimefifia kama zimemwagiwa chai. Nikarudi, nikachapa kwenye plastiki ang'avu. Sasa angalieni nikiiweka dirishani... Mmeona? Autochrome ilitengenezwa itazamwe kwa mwanga unaopita ndani yake. Ukiichapa kwenye karatasi umeinyima nusu ya chakula chake.

Hii ni Reims, mji wa Ufaransa, 1917, kazi ya mpiga picha Fernand Cuville. Mtoto wa kike amekaa na mwanasesere wake, na pembeni yake kuna bunduki na mkoba wa askari. Ingekuwa nyeusi na nyeupe ningesema "historia" nikapita. Kwa rangi, huyu ni mtoto wa jirani, na hizo bunduki mtu kaziegemeza hapo dakika tano zilizopita. Nimeitazama hadi chai yangu ikapoa.

Halafu kuna koti la askari wa Ufaransa. Vita vilipoanza 1914 walikuwa bado wanavaa suruali nyekundu, yaani adui anakuona tangu ng'ambo ya bonde! Baadaye wakapewa buluu iliyopauka, Wafaransa wakaiita buluu ya upeo wa macho. Kwenye picha za kawaida ni kijivu tu. Hapa unaiona buluu yenyewe, pamoja na tope lililoikalia.

Na hii ya mpiga picha mwingine, Paul Castelnau, 1917, kule Saint-Ulrich karibu na mpaka wa Uswisi: wanajeshi Waafrika, wale walioitwa tirailleurs wa Senegal, yaani askari wa miguu wa Ufaransa kutoka makoloni yake ya Afrika, wamepumzika. Nyuso zina rangi zao halisi, si kivuli cheusi chini ya kofia.

Tuje kwenye kasoro, maana zipo. Kioo hiki ni kivivu. Hata jua likiwaka kinahitaji kama sekunde nzima au zaidi kunasa picha, kwa hiyo usitarajie shambulio wala mlipuko. Utapata magofu, wapishi, askari waliosimama wima kama wako studio. Kioo chenyewe kikianguka, basi, kwa sababu ukishaisafisha picha unabaki na hiyo moja, hakuna negativu ya kurudufu. Na msisahau kwamba Castelnau na Cuville walipiga picha hizi kwa ajili ya kitengo cha picha cha jeshi la Ufaransa kilichoundwa 1915. Hakikuundwa ili kuonyesha maiti. Ndiyo maana vita hivi vinaonekana safi mno.

Lakini uvivu huo huo ndio ulioniteka. Kwa kuwa kila mtu alilazimika kutulia, unaona vita saa ambayo watu wanasubiri, na vita kwa sehemu kubwa vilikuwa kusubiri.

Kuna aliyeniuliza kwa nini nisichukue picha nyeusi na nyeupe, programu ikazitia rangi kwa sekunde mbili. Unaweza. Ila programu inakisia koti lilikuwa la rangi gani. Kile kioo kilikuwepo pale, kikaguswa na mwanga uliotoka kwenye koti lenyewe.

Bei: kutazama mtandaoni ni bure, plastiki yangu ya stesheneri haikufika hata nauli ya bodaboda. Chukueni picha yenye anga kubwa, muibandike dirisha la mashariki, mwamke mapema.