Uzoefu wangu wa African Storybook katika darasa la kwanza lenye watoto 84

Nafundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) darasa la kwanza, shule ya msingi iliyo mbali na lami. Watoto 84, madawati 22. Vitabu vya hadithi nilivyovikuta kabatini vilikuwa vitano, viwili havina jalada. Vitabu vya kiada tunavyo, ila mtoto akishavizoea anavikariri. Anafungua ukurasa, anaimba sentensi nzima huku macho yako kwa mwenzake. Mwandikie neno lile lile ubaoni, hajui ni nini. Mwalimu wa darasa la kwanza anaujua uchungu wa kugundua hilo mwezi wa nane.

Ndipo nikaanza kutafuta hadithi mtandaoni. Tovuti ya kwanza niliyoingia ilinikaribisha bure, nikapakua karatasi za mazoezi kwa siku tatu, siku ya nne ikataka namba ya kadi ya benki. Hata zile nilizopata zilikuwa na michoro ya theluji na watoto waliovaa makoti. Bando langu liliishia hapo.

African Storybook nilionyeshwa na mwalimu mwenzangu kwenye semina. Ni mradi wa Saide, shirika la Afrika Kusini, na tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014. Hadithi ziko katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na zimepangwa kwa ngazi: kuna za maneno ya mwanzo, za sentensi za mwanzo, za aya, mpaka zile ambazo mwalimu anawasomea watoto. Kusoma ni bure. Kuna pia programu yao ya simu ambayo ukishapakua hadithi unaisoma bila intaneti, nami napakua usiku mtandao ukiwa mwepesi.

Ila kilichonifanya nibaki ni leseni. Hadithi nyingi zimetolewa kwa leseni huria: unaruhusiwa kuzinakili, kuzichapa, kuzitafsiri, hata kubadilisha maneno, mradi umtaje aliyeandika na aliyechora. Asiyefundisha watoto wadogo anaweza kuliona hilo ni jambo la wanasheria. Kwangu limekuwa ndiyo roho ya kazi.

Kiswahili kinabeba mengi ndani ya neno moja. Pale Kiingereza kinapotumia vineno vitano vifupi, sisi tunasema "hakuwaona" na tumemaliza. Kwa hiyo hadithi iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, uitoe popote utakapoitoa, inaweza kuwa na maneno matatu tu kwenye ukurasa na bado ikamshinda mtoto. Anaanza vizuri, ha, ku, wa, na akifika "na" ameshasahau alikoanzia. Wingi wa maneno ukurasani haukwambii kitu kama hujahesabu silabi.

Nilikuwa na ukurasa wa namna hiyo: "Hakuwaona kuku wake." Picha ilikuwa nzuri, sikutaka kuiacha. Nikabadilisha maneno, nikaandika "Kuku wako wapi?" Maana ya hadithi haikupotea, na kila neno ni silabi mbili ambazo watoto walishazijua. Kesho yake nikamwita mbele mmoja wa wale waimbaji wangu, mtoto aliyekuwa hajasoma neno hata moja tangu Januari. Akaweka kidole. "Ku... ku." Akanyamaza. Akarudia taratibu, "kuku," kisha akanyanyua kichwa na kutazama dirishani, maana kuku wa mwalimu mkuu wanashinda wakiparua uwanjani kwetu. Akanigeukia, akasema, "Mwalimu, wako pale!" Nilitoka nje kidogo nikafuta machozi.

Namna ninavyozitumia ni hii. Natoa hadithi kwa PDF, naipeleka kwa wenye stesheneri mjini siku ya mshahara, nachapa moja na kutoa kopi 12, ili watoto saba wakae na kitabu kimoja kwenye mkeka. Nashona mgongo kwa sindano na uzi. Pini za stepla zinang'oka ndani ya wiki moja na zinachoma vidole. Jalada nakata kwenye maboksi ya dukani. Mwezi ambao fedha haipo, nanakili hadithi kwenye manila kwa kalamu nene na kuchora mwenyewe, na watoto wanaipenda vile vile.

Kabla ya kuipeleka darasani, isome yote kwa sauti. Kiswahili cha Kenya na chetu cha Tanzania vinapishana kwenye maneno ya nyumbani na sokoni, na neno moja geni katikati ya sentensi linamkatisha mtoto pumzi. Mimi nabadilisha la kwao naweka letu.

Kwa somo la kuhesabu, African Storybook haina mengi. Huko natumia Akili and Me, katuni ya watoto ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam: Akili ni binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na wangu wanamtaja kama jirani yao. Naicheza kwenye kompyuta ya shule umeme ukiwepo. Vitabu vya kiada navipata Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), bure pia.

Kama una projekta na darasa la watoto 30, huenda ukaona najisumbua na uzi na maboksi. Lakini kwa mwenye watoto kama wangu na simu moja, naisifu African Storybook kwa moyo wote, na nimeitumia mwaka wa pili sasa. Kabati lina hadithi 13 za kushonwa. Ya 14 tunaitunga wenyewe, darasa zima, na jana tumebishana kipindi kizima kama mbuzi aliyepotea arudi mwenyewe au afuatwe mtoni.