TAHADHARI: Darubini za "60x60" zinazouzwa mtandaoni, msitume hela

Wakuu salaam. Msimu wa uwindaji unafunguliwa Julai, na najua wengi tunaofanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji huwa tunanunua vifaa vyetu kabla ya hapo. Kuna muuzaji anazunguka Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp na darubini anazoziita "za kijeshi, 60x60, zinaona kilomita 9 usiku na mchana". Mwaka jana amenila laki nne na nusu.

Anasema yuko Kariakoo. Ukimwambia unakuja dukani, anakujibu stoo imehamishwa, mzigo unatumwa kwa basi, we tuma hela na ya kutolea. Nilipotaka kulipa, jina lililotokea kwenye simu halikuwa la kwake. Nikamuuliza, akasema ni la mhasibu. Nilitakiwa niache palepale, ila nilikuwa nimeshaipenda ile darubini kwenye picha.

Kinachomlinda ni kwamba mzigo anatuma kweli, hivyo huwezi kumwambia hajakuletea. Nilifungua boksi, likanuka gundi. Lenzi za mbele nyekundu kama juisi ya rozela, na ubavuni pameandikwa "60x60" kwa rangi ya dhahabu iliyoanza kubanduka nilipoipangusa. Nikampigia. Mara ya kwanza akasema nitaizoea. Mara ya pili hakupokea, na ujumbe wangu mpaka leo una tiki moja.

Nilienda nayo porini hivyohivyo, upande wa Rungwa. Alfajiri tukapanda kichuguu, mbele yetu madume watatu wa nyati, kama mita 300. Nikaelekeza, nikaona nyati wawili pale alipo mmoja, kingo zao zikiwa na rangi ya zambarau, na katikati giza. Yule wa kushoto alikuwa na pembe pana, nikamwambia mwindaji bingwa, yule anayeongoza wageni, kuwa ni dume mzima. Mzee ninayefuatilia nyayo naye akainua darubini yake ya zamani ya 8x42, iliyofungwa mkanda wa kiatu, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Huyo bado kijana. Angalia pembe zinapokutana kichwani, katikati kuna manyoya." Ilikuwa kweli. Dume aliyekomaa, pale pembe zinapokutana pamekuwa pagumu kama jiwe. Bila mzee yule, nyati yule kijana angelala pale kwa neno langu. Na mngejua ingekuwaje kama ni simba: sheria yetu inataka dume wa miaka 6 kwenda juu, na umri huo unausoma kwa macho tu, kwenye manyoya ya shingo, pua na sura, kabla risasi haijatoka.

Sasa sikilizeni, maana yeye anauza namba. Kwenye 10x42, 10 ni mara ngapi mnyama anasogezwa karibu, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa 42 kwa 10 unapata 4.2, ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni. 8x42 inakupa zaidi ya 5, ndiyo maana mzee aliona alfajiri ile. Ingekuwa 60x60 ya kweli, ungepata milimita 1 tu, na asubuhi na jioni, saa ambazo wanyama wanatembea, ungeona kiza. Halafu nani ataishika mara 60 kwa mkono? Ukipita 10 au 12 hivi, mapigo ya moyo wako yenyewe yanaichezesha picha.

Pima mwenyewe kabla hujalipa. Ishike darubini mbali na uso, urefu wa mkono, uielekeze angani penye mwanga (kwenye jua kamwe). Upande wa kutazamia utaona kiduara cheupe. Weka rula, pima kiduara, pima na lenzi ya mbele, gawa. Yangu ya "60": lenzi milimita 40, kiduara 5. Yaani ni mara 8! Na kiduara chenyewe hakikuwa duara, kilikuwa na kingo za kijivu zilizokatwa kama mraba, dalili kwamba vioo vya ndani ni vya bei rahisi. Ule wekundu nao unarudisha mwanga mwekundu nje, ndiyo maana picha inakuwa na ubluu na ufifi. Hauna uhusiano wowote na kuona usiku.

Anayehitaji nguvu kubwa kweli, kwa mfano kuhakiki pembe za tandala kwenye kilima cha mbali, atafute darubini ya jicho moja ya 20-60x80 na stendi ya miguu mitatu imara. Hata hiyo, kuanzia saa nne za asubuhi joto likishapanda, kwenye 60 mnyama anayeyuka kwenye mazigazi, utairudisha 25 au 30. Kwa kazi ya kila siku, 8x42 au 10x42 iliyotumika, uliyoishika mwenyewe na kuitazamia jioni, inaishinda hiyo ya dhahabu.

Mimi nimeshatoa taarifa polisi, RB ninayo, na namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Na wewe kama umelizwa, usitupe boksi wala usifute meseji ya muamala, nenda navyo kituoni. Ukurasa wa kwanza ameshaufuta. Ule mpya una jina jingine, lakini picha ni ileile: darubini imewekwa juu ya gunia la kahawa, nyuma yake ukuta wa kijani wenye ufa unaoshuka mpaka kwenye swichi ya taa.